Abiria wa Chande

Chande aliposimamisha pikipiki kwenye lango la juu la hifadhi, alikuwa bado anampa mama yake umbea wa wakwe. Mlima mzima ameupanda akiongea, na mgongo wake una joto la kuegemewa.

"Wa lango la chini wamenipigia kwamba mko wawili," askari akasema. "Mwenzako yuko wapi, kaka?"

"Si huyu hapa mama?"

Askari hakucheka. Chande akageuka. Kilichomwegemea kilikuwa furushi la mablanketi walilolipakia nyuma.

Akamweleza askari yaliyotokea njiani. Kule kwenye mianzi walisimama kupisha tembo, mama yake, Bi Pili, akashuka na chupa yake ya chai na kikombe. Tembo walipopita, furushi likamlalia mgongoni. Naye Chande akasema, "Nishike vizuri, mama," akatia moto akaondoka.

"Kwenye mianzi?" askari akauliza taratibu. "Kaka, wale tembo huwa wanarudi palepale."

Chande akateremka bila kofia, anaita njia nzima. Penye mianzi palikuwa kimya, mama hayupo. Katikati ya barabara kilisimama kikombe cha mama, chai inafuka mvuke. Hatua moja pembeni, kinyesi cha tembo, nacho kinafuka.