Bunduki ya Mdunguaji

Lowell Pruitt hakuuliza bei. Aliinama, akakinusa kitako cha bunduki kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala, kisha akacheka kwa sauti hadi watu wa meza za jirani wakageuka.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Nyumbani," alisema Ardith Kessler. Meza yake ilikuwa ya mwisho ukumbini, karibu na mlango wa choo, na juu yake palikuwa na bunduki hiyo moja tu: ya Kirusi, ya komeo la kuvuta kwa mkono, yenye darubini, na kikaratasi cha bei kilichosema ni ya mdunguaji, mwaka 1943. "Mume wangu hayupo. Nikaona niiuze."

"Pole. Ila kama aliinunua kwa bei hii, alipigwa mchana kweupe."

Katika maonyesho ya bunduki ya Ohio nzima, hakuna muuzaji aliyefurahi kumwona Lowell akikaribia. Alikuwa amekusanya silaha za vita miaka thelathini, na midomo yake haikujua kupumzika. Mwanamume mmoja aliyekuwa akila mkate wa soseji akasogea, asikose kituko.

Ardith alihisi uso ukimwaka. Akatoa kalamu na bahasha kuukuu mkobani.

"Nieleweshe, bwana. Ina ubaya gani?"

"Uliza ina uzuri gani!" Lowell aliwasha kurunzi yake ndogo. "Hii harufu ni vanishi ya dukani. Warusi walipaka lakiri, nyekundunyekundu, inabanduka magamba. Haya, tazama namba za kiwandani hapa kwenye chuma. Ndani ya michoro yake chuma kinang'aa, maana yake zimegongwa juzi juzi, juu ya rangi nyeusi ya chuma. Kiwandani waligonga kwanza, ndipo wakatia weusi."

"Kugonga kwanza," Ardith alirudia, akiandika.

"Halafu zimenyooka kama zimepigiwa rula! Yule Mrusi wa kiwandani alikuwa na njaa, vidole vimeganda, msimamizi anamfokea. Namba zake zinayumba kama zimelewa." Akaibwaga bunduki mezani. "Aliyefanya kazi hii ya kughushi ni kipofu, tena mvivu. Angekuwa fundi wangu, ningemfukuza kabla ya chai."

Mla soseji alicheka hadi akapaliwa. Ardith aliuma mdomo. Kuitwa kipofu angeweza kuvumilia. Hilo la uvivu lilimchoma.

"Na komeo je?" aliuliza polepole. "Komeo angalau liko sawa?"

"Komeo!" Lowell alivuta pumzi. Akaeleza makosa ya komeo, kisha ya skrubu, kisha ya darubini, dakika ishirini nzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo, hata mkewe. Mwishowe akampigapiga begani. "Itundike ukutani uwatishie paka, mama yangu. Usimuuzie mtu, watakucheka."

"Nashukuru sana, bwana," alisema Ardith, na alishukuru kwa moyo wote.

Saa nane mchana alikuwa amefika nyumbani. Mume hakuwepo, kama alivyosema: huu ulikuwa mwaka wa tatu yuko Florida na mwanamke mwingine, na hata alipokuwepo hakujua kushika nyundo. Ardith alipita jikoni bila kula, akafungua kibanda cha nyuma, akafunga aproni. Bunduki kumi na moja za Kirusi zilikuwa zimelala kwenye rafu, zikisubiri kugongwa namba.