Bomba la Sikudhani

Siku hizo bomba la kila nyumba lilitoa maji kulingana na idadi ya watu walioitazama nyumba hiyo kwenye simu zao. Bomba la Sikudhani halikukauka. Chapati zake zilitazamwa na watu elfu nne, na majirani walichota kwake.

“Mkamwana wangu huyo!” mama mkwe alijigamba mbele ya kamera. “Anajaza mapipa kwa chapati tu!”

“Endelea kujisifu, bibi, ndoo yangu haijajaa,” jirani alimtania.

Sikudhani alikuwa akitabasamu kwa fahari bintiye Raya alipogusa kikaango na kupiga yowe. Watazamaji wakaongezeka ghafla. Maji yakafoka.

“Pole, mwanangu,” alisema, akikipuliza kidole. Mguu wake ulikuwa umeshasukuma ndoo nyingine chini ya bomba.