Upana wa Kitanda

Mkwaruzo wa msumeno ulimfikia Hidaya kabla hajafika uani. Mumewe, Masudi, alikuwa ndani ya gari la mizigo walilokuwa wakiligeuza nyumba, ili wazeeke wakizunguka nalo nchi.

"Fundi wangu, shuka letu hili! Nimelishona kwa vipimo vyako."

Hidaya alipolitandika kitandani, nusu yake iliangukia sakafuni. Masudi alikuwa amekikata kitanda hadi upana wa mtu mmoja.

"Kabati halikuenea," alisema, akiangalia misumari.

Hapakuwa na kabati lolote.

Hidaya aliketi. Akaliokota shuka, akalikung'uta vumbi la mbao, akalikunja katikati, likatosha.

"Usiondoke mapema, Masudi," alisema. "Hadi asubuhi nitakuwa nimeshalipunguza shuka lako."