Mtungi Uliopakwa Rangi

Bosi Kisanga alikuwa anaupaka mtungi wa kuzimia moto rangi nyekundu, maana wakaguzi wanakuja hotelini mchana. Ndani hauna kitu. Jana mafuta yaliposhika moto, mpishi wake Nasra aliubonyeza mpaka akachoka, akaishia kuzima kwa gunia lililolowa. Leo mkono wake una bandeji.

"Si unapendeza?" bosi akamuuliza.

Nasra akajaza mafuta kwenye karai, akawasha gesi mpaka mwisho. Akaubeba mtungi, akamsukumia bosi kifuani.

"Shika. Yakiwaka, zima wewe."

"Acha wazimu, dada yangu."

"Jana nilikuwa dada wa nani?"

Mafuta yakaanza kufuka moshi. Nasra akaenda kusimama mlangoni, bosi kakumbatia mtungi, rangi mbichi inamchuruzika mpaka viwikoni.