Posa ya Mkaa

Katika mji ule, mposaji huweka kito mbele ya shangazi wa mwanamke. Shaweji, muuza mkaa, aliweka kipande cha mkaa kwenye sinia.

“Ndiyo nini hii?” shangazi akafoka.

“Almasi, shangazi. Almasi ni kaboni, mkaa nao kaboni, atomu zile zile. Hii haijagandamizwa tu.”

“Ataigandamiza nani?”

“Nitaikalia mwenyewe. Kwa uzito wangu, miaka milioni haifiki.”

Shangazi akamgeukia Mwanakheri, mposwa mwenyewe, mwalimu wa sayansi. “Nimfukuze?”

“Kuhusu atomu hakudanganya, shangazi.”

Mwanakheri akasugua kidole kwenye mkaa, akachora mstari mweusi kifuani mwa kanzu nyeupe ya Shaweji, taratibu. Shaweji akasimama wima kama anayevishwa nishani, na shangazi akauma upindo wa kanga asicheke.