Mkonga wa Mheshimiwa

Joto lilizidi mpaka mabwawa yote yakakauka. Kila mwaka Tembo, Waziri wa Mazingira, alikuja kupanda mti katika shimo lilelile, kwa sababu mti wa mwaka jana ulikuwa umekufa na shimo lilikuwa bado zima.

Safari hii wasaidizi wake walilijaza maji mapema. Chura, aliyekosa maji kwingine, akahamishia humo viluwiluwi wake.

"Mheshimiwa, usipande hapa, mna wanangu," alisema. "Zuia kwanza wanaokata msitu wa mlimani. Tunaungua."

"Hiyo ajenda mtambuka, mama. Tutaiitia semina," alijibu Tembo, kisha akachungulia. "Kumbe ni bwawa! Basi nalizindua."

Utepe ukakatwa. Kama ilivyo ada, mgeni rasmi ndiye hunywa maji ya kwanza. Tembo akavuta kwa mkonga mara moja, shimo likabaki tope, na hadhira ikapiga makofi. Ghafla akakodoa macho.

"Mbona puani natekenywa?"

"Ni wapiga kura wa kesho," Chura akasema. "Usiwameze! Hao hawatoki mpaka mkonga uwe majini. Twende kwenye chemchemi ya mlimani."

Tembo hakuita kikao. Alipanda mlima mbio, Chura mgongoni, akautumbukiza mkonga katika chemchemi.

"Wametoka wote?"

Chura akawatazama wanawe wakiogelea. "Bado mmoja. Huyo ni mbishi, hatoki mpaka msitu huu uache kukatwa."

Marufuku ikatangazwa palepale. Mkonga ulikuwa mtupu.