Kupanda Mutanga Bila Pedali

Rénovat aligusanisha nyaya mbili, na mota aliyoing'oa kwenye gari bovu na kuifunga kwenye baiskeli yake ikanguruma. Baiskeli ikaanza kupanda kilima cha Mutanga yenyewe. Miguu yake ilining'inia kwa maringo. Alikuwa ameuapia mtaa mzima kwamba hatakanyaga pedali.

Katikati ya kilima mwendo ukapungua. Akageuka.

Mchuuzi wa ndizi, juu ya baiskeli yake, alikuwa ameng'ang'ania keria ya Rénovat, kama walivyozoea kung'ang'ania malori, waliyoyaita kamiyo, kabla vikwazo vya vita havijakausha mafuta mjini. Nyuma yake muuza maziwa alikuwa amemshika shati.

"Usisimame, papa!" mchuuzi akapaza sauti. "Kamiyo zimerudi!"

Mota ikaanza kutoa moshi. Rénovat akaangua kicheko, akazitafuta pedali kwa miguu.